Sababu ni kamba: pikipiki inapogoma asubuhi ya baridi

Pikipiki ya zamani ya kabureta inayolala nje Njombe mwezi wa Julai huamka kwa shida. Injini ileile iliyowaka jana mchana kwa kiki moja, alfajiri hupigwa kiki kumi, kumi na tano, isitoe hata kikohozi. Mwenyewe huuliza: sababu ni nini? Swali hilo huulizwa gereji kila siku, na ndilo ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi. Kitu huitwaje sababu ya kingine, na mtu hujuaje kwamba ameipata sababu yenyewe, si kitu kilichotokea tu kuwa karibu nayo?

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, kwa kipimo cha karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Na petroli yenyewe ni mkusanyiko wa mafuta mepesi yanayoruka upesi pamoja na mengine mazito yanayodai joto. Injini ikiwa ya moto, karibu yote hugeuka mvuke. Ikiwa baridi, huruka yale mepesi tu, na yaliyobaki hujibandika kwenye kuta za njia ya kuingilia kama umande juu ya bati. Kwa hiyo asubuhi injini hupewa petroli zaidi ya kawaida, ili huo mvuke mchache unaopatikana utoshe kushika moto.

Hiyo ndiyo kazi ya choki. Kwenye Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, choki ni kibati kinachoziba mdomo wa kabureta. Hewa hupungua na petroli hufyonzwa kwa wingi. Pikipiki nyingi za Kiingereza zenye kabureta za Amal zina kitufe kidogo cha kubonyeza boya mpaka petroli ifurike na kulowesha kidole. Kabureta nyingi za Mikuni zina njia ya pembeni yenye jeti yake, na njia hiyo hufyonza vizuri pale tu aksileta ikiwa imefungwa. Anayevuta choki huku akizungusha aksileta kwa pupa huidhoofisha njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kisha huilaumu plagi.

Zaidi ya mchanganyiko huo, injini inadai mambo mawili: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na silinda inayobana bila kuvujisha. Moja likikosekana, mengine hayana faida. Uchunguzi huanzia kwenye plagi, kwa kuwa plagi ndiyo iliyokuwa ndani ya silinda wakati mambo yakiharibika. Hufunguliwa baada ya kiki kadhaa, ikatazamwa na kunuswa. Ikiwa kavu, petroli haifiki: huenda jeti ndogo ya kabureta imeziba kwa utando wa petroli iliyokauka, tundu lake likiwa jembamba kiasi cha kuzibwa na chembe isiyoonekana. Ikiwa imelowa na inanuka, petroli imefika lakini haikuungua, na hapo shaka huhamia kwenye moto, au kwenye choki iliyovutwa kupita kiasi.

Plagi iliyolowa hufutwa, nafasi ya cheche ikapimwa (kwa CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7), kisha ikavishwa kofia yake na kuegemezwa kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake ili mvuke usishike moto. Kiki hupigwa. Cheche ya buluu inayolia “ta” hutuliza moyo. Ya njano, nyembamba, inayoruka mara moja na kukosa mara mbili, hutia wasiwasi. Lakini jaribio hili lina udhaifu ambao kila fundi anapaswa kuukumbuka. Cheche huruka kwa urahisi zaidi katika hewa ya kawaida kuliko katika hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Plagi inayowaka vizuri mkononi inaweza kushindwa ikirudishwa mahali pake. Kilichoonekana nje si kile kilichotokea ndani; ndani hakuna jicho linalofika.

Hapo ndipo mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali anapoingia. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokimaliza mwaka 1095, alichukua mfano wa pamba na moto. Jicho huona pamba ikiguswa na moto, kisha huiona pamba ikiungua. Kuona hayo mawili yakifuatana, alisema, si sawa na kuona kwamba la kwanza limelileta la pili. Uhusiano wa lazima kati yao haujawahi kuonekana na mtu yeyote. Kilichopo ni mazoea, na kwa Ghazali anayeunguza pamba hasa ni Mwenyezi Mungu. Pikipiki inaweza kuelezwa vivyo hivyo: plagi mpya iliwekwa, kisha injini ikawaka. Neno “kisha” ndilo lililoshuhudiwa. Neno “kwa hiyo” limeongezwa na aliyeshuhudia.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa ukali. Anayekana sababu, alisema, anaikana akili yenyewe, maana kujua kitu ni kukijua kwa sababu zake. Jibu hilo lina uzito, lakini halionyeshi sababu inaonekana wapi. Nalo ni kosa kumsoma Ghazali kana kwamba aliwashauri watu wakae mikono mifukoni. Katika kitabu chake kingine, Ihya, akizungumzia tawakali, yaani kumtegemea Mungu, alieleza kuwa mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, asiunyooshe mkono akingoja ashibishwe, hana tawakali bali ana wazimu. Kwake, Mungu ana desturi, na desturi hiyo inataka mkono unyooshwe.

Huo mkono unastahili uzito zaidi ya unaopewa katika mjadala huu. Anayetazama tu, kweli haoni ila mfuatano. Anayetenda yuko katika hali nyingine. Fundi akibadilisha plagi, akasafisha kabureta na kumwaga petroli ya zamani kwa mpigo mmoja, injini ikiwaka hajajifunza lolote. Amepata pikipiki inayowaka, na hilo si haba, lakini sababu imempita. Akibadilisha kimoja tu na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa, injini ikawaka, ameikaribia sababu. Akiirudisha plagi ya zamani na injini ikagoma tena, ameisogelea zaidi ya hapo. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo isiyofanywa: nani atairudisha hitilafu aliyotoka jasho kuiondoa?

Yapo pia mambo yanayobadilika bila kuguswa na mtu. Kiki ishirini huipasha injini joto kidogo. Jua nalo linapanda, na saa tatu asubuhi silinda haina tena baridi ya saa kumi na mbili. Pikipiki ikiwaka saa hiyo, sifa huiendea plagi iliyotoka kuwekwa, ilhali pengine ingewaka hata bila hiyo. Hitilafu ya baridi hupimwa kwenye baridi tu, yaani kesho yake alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha. Anayetaka kujua lazima angoje.

Mwanafalsafa wa Kiingereza R. G. Collingwood, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu metafizikia, alitoa mfano wa gari lililoshindwa kupanda mlima. Mpita njia anaeleza kwamba kilele kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia, hivyo kukifikia kunataka nguvu zaidi. Maelezo ni sahihi, na hayamsaidii dereva. Anafika fundi wa barabarani, anafungua boneti na kuinua waya wa plagi uliochomoka. Mlima ulichangia, waya ulichangia. Collingwood alishikilia kuwa kinachoitwa sababu ni kile ambacho mhusika anaweza kukishika na kukibadilisha.

Kiswahili kinaliunga mkono jambo hilo kwa namna ya kushangaza. Neno sababu limetoka Kiarabu, na huko sabab katika maana yake ya zamani ni kamba, ile inayomwezesha mtu kukifikia kitu kilicho mbali naye. Ncha moja iko kwenye kitu, ya pili mkononi. Baridi ya Njombe inashiriki kweli kuizuia injini isiwake, lakini kwa mwenye pikipiki haina ncha ya kushika. Kwa mhandisi aliyechora kabureta ilikuwa nayo, naye ndiye aliyeitengenezea choki. Vilevile pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam ikapandishwa hadi uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya bahari, hukuta hewa nyepesi, petroli ikazidi na plagi ikalowa. Hewa ya mlimani haibadilishwi na mtu. Jeti hubadilishwa.

Mambo huwa magumu kamba zinapokuwa nyingi. Pikipiki ya miaka arobaini mara nyingi haina ugonjwa mmoja. Petroli imekaa tangini miezi mitatu, na yale mepesi yanayohitajika sana asubuhi ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Plagi imechoka nusu. Ringi zimelika kidogo. Ukitiwa mnyunyizo wa oili kwenye tundu la plagi, kiki huwa nzito, dalili kwamba kompresheni ilikuwa inavuja hapo. Kila kasoro peke yake ingevumilika, na zote pamoja zilivumilika mchana. Kuuliza ni ipi kati yake iliyozuia injini ni kama kuuliza ni jiwe lipi la jiko la mafiga matatu linalobeba chungu. Jibu la kweli ni kwamba kuondoa yoyote kunatosha, na ile iliyoondolewa kwanza itaitwa sababu kwa kuwa ndiyo iliyoshikwa. Hilo haliifanyi kuwa ya uongo, ila nyingine mbili bado zipo, na asubuhi yenye baridi kali zaidi zitarudi.

Tena kuna siku injini huwaka kabla hakijabadilishwa kitu. Plagi ilifunguliwa, ikatazamwa, ikarudishwa ileile, na kiki ya kwanza ikaitika. Pengine kofia ya plagi ilikuwa imelegea na sasa imekaa sawa; pengine kulifungua tundu kulitoa petroli iliyozidi. Fundi mkweli humwambia mteja kwamba imewaka lakini sababu haijaonekana, na hamdai pesa ya plagi. Pikipiki huachwa nje usiku, tangi likiwa na petroli ileile na plagi ileile, choki ikiwa imefunguliwa. Saa kumi na mbili alfajiri, umande ukiwa bado juu ya siti, choki huvutwa, aksileta huachwa imefungwa, na kiki hupigwa.