Msimpotezee Mtu Alichokwisha Kuandika

Wanangu mnaotengeneza fomu za mtandaoni, haya nimeyasema sana na sauti imechoka, lakini nitayasema tena taratibu. Kila msimu wa maombi ya vyuo na mikopo naona watu wakilia kwa sababu ileile. Binti amejaza majina, namba ya mtihani, anwani ya wazazi, habari za mdhamini. Amefika pa kuambatisha cheti cha kuzaliwa, amebofya, ukurasa umefunguka upya, na vyote vimefutika. Hana kompyuta; yuko steshenari, analipia huduma, na nyuma yake kuna foleni. Kuanza upya kwake ni pesa nyingine.

Fahamuni kwanza kwamba HTTP haina kumbukumbu: kila ombi huifikia seva kana kwamba hawajawahi kuonana. Mwaka 1995, katika RFC 1867, watu wa Xerox walipopendekeza namna ya kutuma faili kwa fomu, faili na maandishi vilisafiri katika furushi moja, na jibu likawa ukurasa mpya. Seva ikikataa kitu kimoja, ni juu yako kurudisha vingine vyote. Maandishi utayarudisha. Faili hutaweza, kwa sababu kivinjari hakikubali ukurasa ujaze wenyewe jina la faili. Kinakubali kulifuta tu. Msiinung'unikie kanuni hiyo. Isingekuwapo, tovuti ya mwizi ingejichagulia nyaraka kwenye diski za watu na kuondoka nazo.

Ndiyo maana tukaanza kupakia faili peke yake, ukurasa ukiwa umetulia. Zamani tulipitisha kwenye iframe iliyofichwa. Leo mna FormData, mna fetch, mna XMLHttpRequest, na hiyo ya mwisho bado naipenda kwa kazi hii kwa kuwa inaweza kumwonyesha mtu faili lake limefika wapi. Lakini mkishafika hapo mnajiona mmemaliza, na mtihani ndio kwanza unaanza. Faili likipokelewa, seva irudishe tokeni ndefu ya nasibu, iliyofungwa na kikao cha mtu huyo, iwekwe katika sehemu iliyofichwa ya fomu. Msiweke pale njia ya faili kwenye diski, nawasihi. Mtu mbaya ataibadilisha ili aombe cheti cha mwenzake. Fomu ikirudishwa kwa kosa la namba ya simu, tokeni irudi nayo, na jina la faili lionekane pamoja na neno kwamba limepokelewa. Asiambiwe achague tena.

Jibu la seva likija, badilisheni kile kipande kinachohusu faili tu. Nawaona mkichora fomu nzima upya kwa data iliyochukuliwa upakiaji ulipoanza. Mtu hakai mikono mapajani akingoja. Anaendelea kuandika, nanyi mnamfutia sentensi aliyoimaliza sasa hivi. Akibofya Tuma kabla faili halijafika, fomu isubiri, na imwambie inasubiri nini.

Kuna jambo moja la PHP linalowaumiza wengi. Kikomo cha kawaida cha ombi zima, post_max_size, ni megabaiti 8. Mtu akituma kwa pamoja picha tatu za simu akavuka hapo, $_POST na $_FILES zote mbili zinakuja tupu. Programu yako haioni hata jina lake, inadhani hakuandika kitu, na inamwambia kwa ukali kwamba kila sehemu ni lazima ijazwe. Ameandika, masikini, na amehakiki mara mbili. Pimeni ukubwa wa faili kwenye kivinjari kabla halijaondoka, na seva nayo ipime tena.

Sasa simu, ambazo ndizo kompyuta za watu wetu wengi. Mtu akibofya sehemu ya faili na kuchagua kamera, Android kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo huweza kukizima kivinjari kilichobaki nyuma. Akirudi na picha, ukurasa unaanza upya. Kosa hilo hutaliona kwenye kompyuta yako ya ofisini hata ukae nayo mwaka. Kwa hiyo maandishi yahifadhiwe kadiri anavyoandika, kabla hajaigusa kamera.

Yahifadhiwe wapi? Hapa nawaomba mfikiri sana. localStorage hubaki hata kivinjari kikifungwa, na kwenye kompyuta ya steshenari mteja anayefuata atakuta namba ya kitambulisho cha aliyeondoka. sessionStorage ni nafuu, kwa kuwa hufutika kichupo kikifungwa, ila umeme ukikatika isitegemewe. Mimi naona rasimu ikae kwenye seva pamoja na tokeni za mafaili, na mwombaji apewe namba na nenosiri la kuirudia popote alipo.

Mafaili ya rasimu zilizotelekezwa mtayafuta, maana vyeti vya watu havifai kurundikana kwenye diski bila sababu. Lakini msifute baada ya saa chache. Aliyeishiwa bando leo jioni huenda akapata jingine keshokutwa. Mpeni angalau wiki, na tarehe ya mwisho iandikwe kwenye ukurasa uleule, chini ya jina la faili lake, aione kabla hajaondoka.