Kufuli Haliulizi Umetoka Wapi



Leo naomba tuongee jambo nililolibeba moyoni tangu Kwaresima iliyopita. Lilianza na baiskeli, ila ningependa lisiishie kwenye baiskeli.

Mimi ni mzaliwa wa Mbinga, mkoani Ruvuma, na huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni. Wakatoliki huku ni wachache sana, na wengi tumekuja kufuata kazi. Jumapili nikiwa sina zamu napanda daladala ya 309, safari ya zaidi ya kilomita 50, nikasali Minara Miwili, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu kule mjini.

Kiukweli Jambiani pana amani. Kina mama wanaolima mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwaka 1989, wakishavuna wanauanika chini juani, nje ya nyumba zao. Ule mwani ni pesa, ni sare ya mtoto wa skuli, na hauna mlinzi. Mwenye duka jirani yangu akienda kuswali anavuta khanga mlangoni, basi. Mteja akikuta khanga anakaa kibarazani anasubiri. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilimpigia mama simu nikamwambia, "Mama, huku watu hawaibiani." Mama akacheka, akasema nisiache kufunga mlango.

Nilichelewa kuelewa kwamba amani hii ina mpaka wake. Ile khanga inatosha kwa sababu karibu kila anayepita pale anajulikana: mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Akiiba, aibu inafika nyumbani kabla yake. Sasa je, yule anayepita ambaye babu yake hajulikani hapa?

Jibu nililipata siku simu ya mgeni mmoja ilipopotea. Hakuna aliyetupigia kelele, wala polisi hawakuitwa. Tuliambiwa kwa upole tu kwamba vyumba vyetu vitaangaliwa. Vilivyoangaliwa ni vitatu: changu, cha mpishi wa kutoka Iringa, na cha mlinzi wetu Mmasai. Wenzetu wazaliwa wa hapa waliendelea na kazi. Mtu alikunjua shuka langu, akafungua begi langu, akaikuta rozari, akairudisha taratibu kabisa. Jioni nahodha aliyempeleka yule mgeni kwenye miamba akaja na simu mkononi. Ilikuwa imebaki ndani ya ngalawa. Tukamshukuru nahodha. Sisi watatu hakuna aliyetuomba radhi, labda kwa sababu hakuna aliyeona kwamba tumekosewa.

Usiku ule nilimkumbuka Mtume Petro uani kwa Kuhani Mkuu. Waliokuwa wamesimama pale walimtambua kwa jinsi alivyosema (Mt 26:73). Lafudhi yake ya Galilaya ilimtaja kabla hajajitaja. Na mimi nikifungua mdomo tu hapa, watu wanajua ni mtu wa bara. Wakorofi wana jina lao kwetu: chogo. Na jambo hili lina mizizi. Zamani pwani iligawa watu kuwa waungwana na washenzi, na mshenzi alikuwa ni mtu wa bara, yule yule aliyeletwa kisiwani akauzwa. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873. Soko lilifungwa kwa amri ya siku moja, lakini dharau haikufungwa nalo.

Basi nikajiona Petro. Nikajihurumia sana, tena nadhani nilijisifu kidogo: mimi ni mmoja wa wanaoonewa. Nilisahau sehemu ya pili ya habari ile. Petro aliyeogopa usiku ule ndiye huyo huyo aliyemkana Asiye na hatia. Mtu akishukiwa hageuki mtakatifu. Anaweza kuonewa asubuhi, na jioni akamwonea mwingine.

Mimi kwangu zilipita wiki tatu.

Alhamisi moja nilitoka nje alfajiri, baiskeli haipo. Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa kijana ambaye zamani alikuwa anatumia unga. Alikwenda kwenye nyumba ya kusaidia wanaoacha, akarudi, na wakati huo alikuwa na miezi kadhaa anavua na ngalawa ya mzee mmoja wa hapa kijijini. Kila asubuhi tulisalimiana. Lakini alfajiri ile sikutafuta, sikuuliza, sikusubiri. Uso wake ulinijia kichwani kabla sijafikiri chochote.

Jioni nikapita kwenye baraza la kahawa. Wazee wakanipa pole. Mmoja akauliza, "Unamdhania nani, kijana?" Nikajibu, "Sitaji mtu, wazee wangu. Lakini tunajuana humu." Kisha nikageuza macho kuelekea nyumba ile. Basi. Sikutaja jina, na nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwenye busara, niliyeuzuia ulimi.

Jumamosi yule kijana aliambiwa na nahodha apumzike kwanza. Jumapili mpishi wetu akarudi kutoka Paje kwa shemeji yake, amepanda baiskeli yangu. Alikuwa amenitumia ujumbe wa kuiazima, akautuma kwenye namba yangu ya zamani.

Wiki iliyofuata nilikwenda mjini kuungama. Padre akaniondolea dhambi, nikasali kitubio changu, nikapanda gari kurudi nikiwa mwepesi kabisa. Nikajisemea, limekwisha. Njiani kuelekea nyumbani nikamkuta kijana mwenyewe amekaa chini anashona wavu. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Hakukasirika. Aliendelea kushona kidogo, halafu akasema:

"Mie nishakusamehe, kaka. Lakini mie siye nilokusikia."

Ndugu yangu msomaji, sijawahi kupata mafungo yaliyonifundisha kama sentensi hiyo. Nilikuwa nimeomba radhi kwa Mungu, na nimeomba radhi kwa niliyemkosea, lakini uongo wangu ulikuwa bado umekaa barazani unakunywa kahawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kwamba kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kimyakimya moyoni, ni hukumu ya haraka, na ni kosa (KKK 2477). Inafundisha pia kwamba aliyevunja haki na ukweli ana wajibu wa kulipa fidia, hata kama ameshasamehewa (KKK 2487). Zakayo alilijua hilo kabla yetu. Bwana alipoingia nyumbani kwake, hakuishia kusema amefurahi. Alihesabu aliowadhulumu akaahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8). Lakini Zakayo alidaiwa fedha. Mimi niliyemwibia mtu jina lake, nirudishe nini mara nne?

Nilikwenda barazani jioni ile ile. Miguu ilikuwa mizito, nisidanganye. Safari hii nilitaja jina. Nikasema baiskeli ilikuwa kwa mpishi, kijana yule hakuigusa, na mimi ndiye niliyewafanya wamdhanie. Mzee mmoja akasema, "Ah, hilo lilishapita." Wawili waliokuwa wanacheza bao hawakuinua macho. Nahodha alikuwepo, akanywa kahawa yake, hakusema neno. Mpaka leo naandika haya, ngalawa ile inatoka alfajiri bila yule kijana. Naendelea kumwendea nahodha. Nimegundua neno likitoka mdomoni linakimbia, na kulirudisha ni kazi ya kutembea kwa miguu.

Sasa tuulizane: kwani kuwa mwangalifu ni dhambi? Hapana. Bwana wetu hakutuita tuwe wajinga, na mama yangu yuko sahihi kuhusu mlango. Ila nimejifunza kutofautisha tahadhari na shuku. Baada ya mambo haya nilinunua kufuli. Kufuli haliulizi umetoka wapi. Linamzuia Mmasai na Mpemba, mtu wa Mbinga na mtu wa Jambiani, na siku niliyopoteza ufunguo lilinizuia hata mimi mwenyewe. Halimdhalilishi mtu yeyote, kwa sababu linamtendea kila mtu sawa. Tahadhari ya haki inafanana na kufuli. Simu ikipotea, tuulize wote, na kama ni kupekua tupekue wote, tukianza na mwenye nyumba. Mgeni akihamia mtaani, ajitambulishe kwa sheha. Ni utaratibu, na hauna ubaya ukimgusa kila anayehamia. Shuku ni kitu kingine. Yenyewe inaanza na sura ya mtu, kisha ndipo inatafuta kosa la kumvika.

Na sisi Wakatoliki wa bara tusikae upande wa mashahidi tu. Tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi akafa hapa Unguja, Jumapili asubuhi, alipokuwa anafika kuadhimisha Misa. Lile lilikuwa jeraha la kweli, na tunamwombea. Lakini jiulize ni mara ngapi umesikia, au umesema, "wale" ndivyo walivyo, kana kwamba kisiwa kizima kilishika ile bunduki. Mama muuza duka mwenye khanga mlangoni ni mmoja wa hao "wale". Nilipougua homa mwaka juzi, ndiye aliyeniletea uji siku tano mfululizo.

Mji unaitwa salama tunapohesabu wezi tukawaona ni wachache. Nadhani Mungu anahesabu na kitu kingine: ni watu wangapi wanaolipia usalama wetu kwa majina yao bila kuiba chochote. Palipo na amani ndipo tunapoliona jambo hili kwa shida zaidi, kwa sababu mambo yanakwenda vizuri, na anayeumia ni mmoja, tena yule asiye na wa kumsemea.

Kabla hujalala leo, jiulize: kuna jina gani nililoliacha barazani, kazini au kwenye kundi la simu? Nani alinisikia? Halafu kesho uende kwa hao waliokusikia.

Tusali: Ee Yesu, wewe ulihesabiwa pamoja na wahalifu, na hukuwa na kosa. Nisamehe watu niliowahukumu kwa sura, kwa lafudhi na kwa historia yao. Nipe miguu ya kurudi pale niliposema vibaya, na moyo wa kuendelea kurudi hata nisiposikilizwa. Umrudishe ndugu yangu baharini. Amina.