Saa ya Sindano ni ya Nani?

Swali la safari hii linatoka kwetu Soin, na limeletwa na mume. Mke wake hudarizi vitambaa vya makochi na vya meza wakati wa jioni, kwa ile mishono midogo inayopishana kama alama ya kuzidisha. Siku moja maharagwe yaliungua jikoni, mama akiwa ameketi na sindano yake. Baba aliporudi na kusikia harufu, alikichukua kile kitambaa akakitia motoni. Tangu siku hiyo mama anapika, anafua, anajibu akiulizwa, lakini hadarizi tena, wala hazungumzi. Baba anauliza: "Kwani nimeua mtu? Si kitambaa tu?"

Kabla ya kumjibu, hebu tukitazame hicho kitambaa. Anayedarizi namna hii huhesabu nyuzi za nguo moja moja, kwenda kulia na kushuka chini. Akikosea hesabu mahali pamoja, ua zima huenda upande, na hapo hana budi kufumua. Ua moja na majani yake laweza kumchukua majuma kadhaa. Ndiyo kusema kilichoungua si shilingi za nguo na uzi, maana hizo baba angezirudisha siku ya soko. Zilizoungua ni jioni nyingi za mtu.

Sisi wa pande hizi tumezoea mizani. Kule juu Kericho majani ya chai hupimwa kwa kilo, na mkulima huingojea bonasi. Huku kwetu chini kwenye joto, miwa hupimwa kwa tani na mahindi kwa magunia. Ni vyema, watoto wetu wanasoma kwa hayo. Lakini mizani imetuzoeza pia kudhani kwamba kisichopimika ni uvivu. Ajabu ni kwamba baba huyu, jioni ile ile, alikuwa senta akitazama mpira, na hakuna aliyempima.

Wengine watasema: basi aviuze, tuone faida. Wako akina mama wanaouza, na kama karo imekwama na mama mwenyewe ameamua hivyo, Mungu ambariki. Ila kitu kikishakuwa cha kuuzwa kina mteja, kina tarehe, kina rangi ya kuagizwa. Kimekuwa kazi nyingine juu ya ng'ombe, kuni na watoto. Itabidi tumtafutie mama saa nyingine ya kupumzika. Bibi zetu walipokipamba kibuyu cha mursik kwa shanga, maziwa hayakuongezeka, wala sijasikia mzee aliyelalamika.

Fungueni Kutoka sura ya 20. Amri ya pumziko inamtaja anayeamriwa, halafu mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mifugo, hata mgeni. Mke hatajwi. Je, yeye aendelee kusonga ugali? Mimi naelewa kwamba yumo ndani ya yule anayeamriwa: mume na mke wanaambiwa kwa pamoja kama mtu mmoja, hivyo mmoja akinyimwa pumziko, amri imevunjwa na wote wawili. Hata serikali yetu, katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba na hata kule kuwa mwenzi kuwa ni mchango katika mali ya familia, ingawa hakuna mshahara. (Na baba asiniambie kudarizi ni mambo ya wanawake. Oholiabu wa kabila la Dani, fundi wa kudarizi wa Hema la Mungu, alikuwa mwanamume. Soma Kutoka 38:23.)

Nawe mama, nina neno kwako. Chakula cha watoto ni haki yao. Tena wako wanaohesabu nyuzi ili wasiongee na waume zao; mume arudipo na habari ya moyoni akakuta kila jioni umeinamia kitambaa, wivu wake hauna kosa. Lakini hilo hutatuliwa kwa mdomo, si kwa moto.

Basi baba, usianze kwa kumletea uzi mpya, ukadhani deni limekwisha. Mwambie kwanza kwamba ulichoma kazi yake. Usiseme "kitambaa". Usimlazimishe kuanza tena, maana huenda asitake kwa miezi. Kisha kubalianeni jioni mbili katika juma, tuseme Jumanne na Alhamisi, ambapo saa moja mpaka saa mbili usiku ni yake, ashone au akae tu. Saa hiyo sufuria ni yako, na mpira usubiri. Kama hujawahi kupika maharagwe, muulize kijana wako mkubwa, pengine yeye anajua maji huongezwa wakati gani.