Mpira wa Mtoto ni wa Nani?



Jumamosi iliyopita baba mmoja aliniambia neno lililoninyima usingizi. Nilikuwa nimemtoa mwanawe wa miaka kumi, nikamwingiza mtoto mwingine ambaye bado anaukosa mpira kila akiupiga. Baba akanijia mbio: "Mwalimu, tumepoteza nyumba, shamba na ng'ombe. Kilichobaki ni mguu wa huyu mtoto. Nawe unamweka benchi?"

Sikumjibu. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilimfokea kijana wangu kutoka uwanjani mpaka nyumbani, kisa amekosa penalti. Wiki iliyofuata akasema tumbo linamuuma. Hajarudi kucheza mpaka leo.

Watu hunitajia Awer Mabil. Ni kweli, alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka huku kwetu, na mpira aliuanzia huko huko kambini. Mwaka 2006 familia yake ilihamia Australia. Mwaka 2018 alichezea timu ya taifa ya Australia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, akafunga goli. Na mwaka 2022 alifunga mojawapo ya penalti zilizoitoa Peru na kuipeleka Australia Kombe la Dunia kule Qatar. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini katika vumbi lile lile la Kakuma walicheza watoto wengi ambao hakuna anayewajua. Je, wao walipoteza muda wao? Kama faida ya mchezo ni kuondoka kambini tu, basi jioni zao zote zilikuwa hasara. Mimi siamini hivyo. Nanyi mliokulia kambini hamwamini, maana mkisimulia mpira wenu wa mifuko ya nailoni mnacheka mpaka machozi.

Simlaumu yule baba. Njaa ni njaa, na kumtumainia mtoto si dhambi. Ila kumtumainia ni jambo moja, kumdai ni jingine. Mtoto hakuichoma nyumba yetu. Kwa nini alipe yeye?

Nabii Zakaria, sura ya 8, anaposema habari za Yerusalemu baada ya uhamisho, anaona wazee wameketi, na njia zimejaa watoto wa kiume na wa kike wanaocheza. Hasemi ni nani aliyeshinda. (Na wa kike, ndugu zangu! Hapa kwetu wasichana hutumwa maji saa ile ile ya mazoezi.)

Kwa hiyo kila mtoto atacheza nusu mechi, hodari na asiye hodari. Tutaanza saa kumi na moja jioni, si mchana. Mnakumbuka Februari 2025 shule zilifungwa kwa joto baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Na mtoto akirudi nyumbani, msimwulize kwanza kama wameshinda. Mwulizeni alicheza na nani.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa yule baba. Tulikunywa chai, hatukuelewana kwa yote. Huko nje mwanawe alikuwa akipiga mpira peke yake, akijitangaza kwa sauti kama mtu wa redio. Baba alinyamaza kidogo akamsikiliza.