Sanduku la Mhariri ni la Nani?

Mhariri akifa, gazeti lake linabaki maktaba. Je, sanduku lake la barua?

Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu Dar es Salaam mwaka 1937. Tunachosoma humo ni kile alichoamua kuchapa. Alichokiweka pembeni hakimo. Kama kipo, kitakuwa kwenye makaratasi ya nyumbani.

Kuna familia zilizofungua. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, aliandika habari za maisha yake kabla hajafariki mwaka 1949. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akazitumia kwenye kitabu cha mwaka 1973 kilichohaririwa na John Iliffe. Bila hivyo, tungebaki na faili za Mwingereza tu.

Huku kwetu Singida makaratasi ya wazee hukaa kwenye sanduku la bati, na mchwa hawasubiri kikao cha ukoo. Lakini haraka nayo ina dhambi yake. Sanduku la mhariri lina maneno ya watu wengine: aliyemshtaki chifu, mama aliyeomba jina lake lisitajwe. Hao hawakumwandikia mjukuu, wala mtafiti.

Mimi naona hivi: familia ina haki ya kufunga kwa muda, ili waliojificha wasitiriwe. Haina haki ya kuchambua. Ikichoma barua za aibu na kubakiza za sifa, imemhariri mhariri mwenyewe, naye hawezi tena kujibu.