Gazeti na Haki ya Mji wa Mbali

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husemwa zaidi juu ya mtu mmoja aliyekosa kuhudhuria barazani, lakini huwafaa pia watu wa mji mzima ambao habari zao huandikwa mahali pengine. Gazeti la taifa hupigwa chapa katika mji mkuu na kusomwa na mamilioni. Mji unaotajwa ndani yake u mbali, na wakazi wake hawakuitwa barazani. Swali ni hili: mwenye kalamu anawiwa nini na mji usioweza kumjibu?

Jibu la haraka ni kwamba anawiwa sifa njema. Jibu hilo si la haki. Mji hauna haki ya kusifiwa daima, kama vile mtu asivyo nayo. Iko miji ambayo, aibu yake ya kweli ikitajwa, hulia kwamba imeonewa, na kilio hicho kikawa pazia la kufunika uovu wa wachache. Kwa hivyo, dhuluma ya kalamu haipimwi kwa uchungu wa aliyeandikwa. Hapana budi itafutiwe kipimo kingine.

Mji wa Liverpool, Uingereza, unatoa mfano. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa timu ya mji huo walikwenda Sheffield, katika uwanja wa Hillsborough, kutazama mchezo wa nusu fainali. Polisi walifungua lango ili kupunguza msongamano wa nje, pasipo kuziba njia iliyoelekea kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa. Watu walibanwa hata wakakosa pumzi. Waliokufa siku ile na baadaye kwa madhara ya siku ile ni 97. Siku nne baada ya msiba, gazeti la The Sun lilidai katika ukurasa wa kwanza kwamba baadhi ya mashabiki waliwaibia maiti, wakawakojolea askari, na kumpiga askari aliyekuwa akijaribu kuokoa maisha. Kichwa cha habari hiyo kilidai kwamba huo ndio ukweli. Haukuwa ukweli.

Kwa nini uwongo mzito kama huo ulisadikika? Ulisadikika kwa sababu mji ulikwisha kuwa na jina. Mwaka 1981 palitokea fujo kubwa katika mtaa wa Toxteth. Mwaka 1985 mashabiki wa Liverpool waliwashambulia wenzao katika uwanja wa Heysel, Brussels, na watu 39 wakafa. Mambo hayo yalitokea kweli, na kuyaandika hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuyafanya mashahidi katika shauri lisilokuwa lao. Hapa ndipo ulipo mzizi wa upendeleo. Hauhitaji mwandishi mwenye chuki. Hutosheka na mwandishi mvivu na msomaji mwepesi. Habari inayopingana na jina la mji hudaiwa mashahidi kumi. Inayopatana nalo hupita bila kuulizwa hata mmoja.

Yumkini mwandishi atajitetea kwamba alinukuu tu maneno ya askari na ya mbunge. Utetezi huo ni dhaifu. Anayenukuu ndiye achaguaye wa kunukuliwa, na kichwa cha habari hakikutoka kinywani mwa askari. Kilitoka katika meza ya mhariri.

Ukweli nao haukuwa mbali. Agosti 1989 ripoti ya Jaji Taylor ilitaja kushindwa kwa polisi kuongoza umati kuwa sababu kuu ya msiba. Septemba 2012 jopo huru lilionyesha kwamba taarifa 164 za polisi zilikuwa zimebadilishwa, na 116 kati yake ziliondolewa au kugeuzwa maneno ya kuwalaumu polisi. Gazeti likaomba radhi kwa maneno makubwa. Aprili 2016 uchunguzi wa vifo ukaamua kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia msiba. Uwongo ulihitaji siku nne. Kuufuta kulihitaji miaka 27, na baadhi ya wazazi walikufa kabla ya kusikia hukumu hiyo. Wengi wa Liverpool waliapa kutolinunua gazeti lile, na wenye maduka wengi wakakataa kuliuza. Asiyekuwa na kalamu alijibu kwa kufunga mkono wake.

Basi deni la mwenye kalamu ni dogo kutaja, zito kulipa. Mji wa mbali haudai kupendwa. Wadai kwamba jambo baya litakalosemwa juu yake lidaiwe ushahidi ule ule ambao mhariri angeudai kama lingesemwa juu ya mtaa anaokaa yeye na watoto wake.