Mara Saba Katika Yordani

Somo: 2 Wafalme 5:1–14, Waebrania 12:12–13



Tunawasalimu ninyi mlio hapa makazini, na ninyi mnaotafuta riziki Kampala, huko Katwe, Nsambya na Makindye. Leo tunataka kusema nanyi juu ya uponyaji unaokuja polepole, maana kanisa letu limejifunza jambo hilo kwa machozi.

Wengi wenu mnamjua ndugu yetu wa kwaya aliyeanguka kutoka juu ya paa siku ya upepo mkali, alipokuwa akimfungia mama mjane turubai. Siku ile tulifanya kosa letu la kwanza. Tulimshika mikono na miguu, tukamkalisha juu ya pikipiki, mmoja mbele yake na mmoja nyuma. Hatukujua. Ndani ya pingili za mgongo inapita kamba laini ya mishipa ya fahamu, ipelekayo habari kutoka ubongo kwenda miguuni. Pingili iliyovunjika ikisogea, inaweza kuiumiza kamba iliyokuwa imesalimika. Kwa hiyo mtu aliyeumia mgongo au shingo asikunjwe wala asiketishwe. Watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao au hata mlango, na kichwa kishikwe kisicheze.

Ndugu yetu alifikishwa Kampala. Madaktari walisema pingili ya kiunoni imevunjika, lakini kamba haikukatika yote. Mama zetu walipokezana kumwosha, kumpikia na kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Kisha akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule ambaye kule Kongo tumezoea kumwita kine. Akaanza naye kwa mambo madogo: kuchezesha vidole vya miguu, kukaza tumbo, kulala chali na kukunja magoti ili ainue kiuno mara kumi, kisha apumzike na kurudia. Baadaye akamsimamisha katikati ya vyuma viwili, amevaa mkanda wa mgongo.

Hapo tukafanya kosa la pili, na hili ndilo linalotuuma zaidi. Tulikwenda kumwombea, tukamsomea Luka 13, habari za yule mama aliyepinda mgongo miaka 18, akanyooka mara Yesu alipomwekea mikono. Tukamwambia, “Ukiamini, tupa mkanda, acha hayo mazoezi.” Akatii. Wiki tatu alilala akingoja. Miguu ikazidi kulegea, magoti yakakakamaa. Tuliporudi alituuliza, “Wazee wangu, ni imani yangu iliyopungua?” Tulikosa jibu.

Jibu tulilipata kwa Naamani. Jemadari huyu alitaka nabii atoke nje, aite jina la Mungu, apungie mkono mahali pa ugonjwa, mambo yaishe. Aliposikia kwamba ajichovye mtoni mara saba, alikasirika. Watumishi wake wakamwuliza: kama ungeambiwa jambo kubwa, usingelifanya? Basi akashuka. Fikirini mara ya kwanza, ya tatu, ya sita. Neno halituambii kwamba ukoma ulipungua kidogo kila alipoibuka. Linatuambia kwamba alishuka mara saba kama alivyoagizwa, na ngozi yake ikawa safi. Kule kurudia ndiko kulikokuwa imani yake.

Mungu yuleyule aliyemnyoosha mama wa Luka 13 kwa dakika moja, alimshusha Naamani majini mara saba. Sisi ni nani tumchagulie njia? Na mwandishi wa Waebrania anatuita tuinue mikono iliyolegea, tutie nguvu magoti yaliyopooza, tusawazishe njia ili kilicho kiwete kisizidi kuumia bali kipone.

Tena angalieni ni nani aliyemwonyesha Naamani njia: msichana aliyetekwa, mtoto aliyeondolewa kwao kwa nguvu za vita. Mungu hujua kuweka dawa mikononi mwa watu waliofukuzwa. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani, alikimbilia Uingereza mwaka 1939 pamoja na mke na watoto wawili, akiukimbia utawala wa Hitler. Mwaka 1944 alipewa kituo cha waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wakati huo wagonjwa wa namna hiyo walihesabiwa kama wafu. Wengi waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizo ya mkojo. Yeye aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, wafanye mazoezi, wacheze. Mwaka 1948 walemavu 16 walishindana pale kwa upinde na mishale, na kutoka mashindano hayo yakakua yale ya Paralimpiki, yaliyoanza Roma mwaka 1960.

Tulirudi kwa ndugu yetu, tukamwomba msamaha. Tukamrudisha kwa kine, na tangu hapo tukaomba tukiwa tunamhesabia: moja, mbili, mpaka kumi. Leo anatembea kwa fimbo. Mguu wa kushoto bado ni mzito, na kila asubuhi anatandika mkeka. Jumapili iliyopita aliimba amesimama.

Wapendwa, wako ambao kamba yao ilikatika, na hawatatembea tena katika mwili huu. Tusiwahukumu. Anayejifunza kuhamia mwenyewe kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu naye anashuka Yordani. Nasi tumsawazishie njia: tujaze mashimo mbele ya mlango wake, tumchotee maji, tumpe zamu ya kusoma Neno. Na yeyote mwenye ganzi miguuni au asiyeweza kuzuia mkojo baada ya kuanguka, apelekwe hospitali mara moja, wala asijitungie mazoezi.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipoweka mzigo juu ya mgongo uliovunjika. Uwape ndugu zetu nguvu ya kushuka mara ya sita, wakati hakuna kinachoonekana. Utupe sisi moyo wa kushuka pamoja nao. Kwa jina la Yesu, Amina.